Wanafunzi 84, ndoo mbili, dakika 40: ngoma inafundishikaje?

*"Nafundisha Sanaa na Michezo darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Nina wanafunzi 84 kwenye mkondo mmoja. Kipindi ni dakika 40. Uwanja wa netiboli tunao, ngoma za ngozi hatuna, tunatumia ndoo. Nimejaribu kuwafundisha ngoma mara kadhaa na kila mara inaishia palepale: dakika tatu za mwanzo wako pamoja, halafu wanapotezana. Wanaojua, kama kumi hivi, wanabaki wanacheza, wengine wote wanageuka watazamaji. Wavulana wakubwa wanakaa pembeni wanacheka. Mzazi mmoja alikuja kusema dini yake hairuhusu mtoto kukata mauno. Mwalimu mkuu naye anaona ngoma ni kazi ya kikundi cha kumpokea mgeni rasmi, na kipindi cha michezo kiwe mpira na mbio. Mimi mwenyewe si mchezaji. Je, ngoma ni mazoezi kweli? Na kwa watoto wengi hivi nianzie wapi?"*

Mwalimu, umebeba maswali matano ndani ya moja, na yote ni ya haki. Nitaanza na ile dakika ya tatu. Hapo ndipo somo lako linapokatika, na likiacha kukatika, wavulana wa pembeni pamoja na hoja ya mwalimu mkuu utaviona vyepesi zaidi.

Wale kumi wanaobaki wakicheza hawakujifunza kwako. Walikuja nayo kutoka harusini, kwaya, vigoma vya mtaani. Na wale 74 hawajashindwa, kwa sababu walichopewa ni kutazama na kuiga tu, na kuiga kwa macho kuna kasoro isiyohusiana kabisa na kipaji. Jicho linapoona mguu wako unatua, mwili wa mtoto unahitaji takriban sehemu ya tano ya sekunde kabla haujaanza kuitikia. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika unampa nusu sekunde tu kwa kila pigo. Kwa hiyo anayekufuata kwa macho yuko nyuma karibu nusu ya pigo muda wote. Akiona amechelewa anaongeza kasi, anakupita, anasimama kuangalia upya, na hapo ameshapotea. Anayecheza vizuri hamfuati mtu. Anajua pigo lijalo litaanguka lini, na mguu wake unaondoka kabla halijaanguka. Ujuzi huo hujengwa na sikio na uzito wa mwili. Jicho linasaidia kidogo tu.

Uwanja nao unachangia. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kama ndoo iko mbele karibu na wewe na mstari wa mwisho uko mita 25 nyuma, watoto wa huko wanausikia mdundo sekunde 0.07 baada ya kuuona mguu wako ukitua. Ni kidogo, lakini ni sehemu ya saba ya pigo, na inatosha kulifanya darasa lionekane kama linacheza ngoma mbili. Hamisha ndoo zikae ubavuni, usawa wa katikati ya darasa. Kisha waangalie wapigaji wenyewe: watoto wakichangamka hukimbiza ndoo, na ndani ya dakika moja mapigo 100 yanakuwa 140. Chukua saa yenye mshale wa sekunde. Mapigo 15 kwa sekunde 10 ni 90 kwa dakika, na mapigo 20 ni 120. Anzia 90, fika 120 kwenye wiki ya pili au ya tatu. Simu yako ikiwa na programu ya kuhesabia mapigo, mpe mpiga ndoo aisikilize, usiipeleke kwa darasa zima. Haitasikika, na utaishia kuwapigia kelele wanyamaze wasikilize simu.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, ambalo waalimu wengi hawalioni kwa sababu wao wenyewe hawalifanyi. Chukua mchezo wa hesabu nane ulio rahisi kuliko yote: moja, mguu wa kulia pembeni, mbili, kushoto unaufuata, tatu, kulia pembeni tena, nne, kushoto unagusa tu chini. Tano hadi nane ni hivyohivyo kurudi upande wa pili. Mtazame mtoto aliyepotea kwenye hesabu ya tano. Karibu kila mara utakuta kwamba kwenye nne hakugusa, alikanyaga. Uzito wake wote umehamia mguu wa kushoto, na mguu uliobeba mwili hauwezi kuondoka. Mwenzake anakwenda kushoto, yeye mguu huru alionao ni wa kulia, kwa hiyo anaruka kidogo, au anakwenda upande usiotakiwa na kumgonga jirani. Ukimwambia "sikiliza mapigo" unamwonea, maana mapigo anayasikia vizuri. Kilichomwangusha ni uzito.

Tiba yake ni ndogo. Kwenye nne futa mguso, weka goti juu: "nyanyua!" Mguu ulio hewani hauwezi kubeba uzito, hivyo mwili unalazimika kuwa tayari kwa upande wa pili. Wakishazoea kwa vipindi viwili, punguza goti kidogokidogo hadi liwe mguso. Na tangu siku ya kwanza watenganishie maneno haya mawili: hatua inabeba mwili, mguso haubebi. Waulize katikati ya mchezo, "mguu upi umebeba?" wasimame ghafla kama sanamu, waunyanyue ule mwingine. Asiyeweza kuunyanyua amekanyaga mahali pa kugusa, na ataligundua mwenyewe kabla hujasema.

Mikono isubiri. Kila kiungo kipya unachoongeza kinataka usikivu wa mtoto, na mtoto anayewaza mikono anasahau uzito. Miguu peke yake hadi darasa zima liweze kuzungumza nawe huku likicheza, ndipo makofi, ndipo mabega. Khanga, njuga na manyanga vije mwisho kabisa. Madarasa mengi huanza na mapambo kwa sababu yanapendeza, kisha mwalimu anashangaa mbona hayaendi.

Kulia na kushoto nako kunachanganya bila sababu. Ukiwaelekea, kulia kwako ni kushoto kwao. Unaweza kucheza kinyume kama kioo, lakini kwa asiye mchezaji hilo ni mzigo. Wape mgongo, halafu tumia alama za uwanjani: "upande wa mwembe", "upande wa ofisi". Wakigeuka, mwembe haujageuka. Na kwa kuwa huwezi kuwapa mgongo watoto wa darasa la tano kwa dakika kumi ukabaki na uwanja wenye utulivu, weka viongozi wanne pande nne za kundi. Wale kumi wako ndiyo kazi yao, lakini uwabadilishe kila wiki, ukiingiza polepole wasiojua. Wito wa kubadilisha mchezo utoke mapigo mawili kabla, kwenye saba na nane, usitoke kwenye moja. Ukisema "geuka" kwenye moja, watageuka kwenye mbili, na tatu, na nne, kila mtu kivyake.

Kuhusu nafasi, uwanja wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25. Mtoto wa darasa la tano akipewa mita mbili kila upande anacheza bila kumgusa mtu. Wapange safu 7 zenye watoto 12 kila moja: upana unatumia mita 12, urefu mita 22, na pembeni unabaki na njia ya wewe kupita na pa kuweka ndoo. Chora alama 84 kwa chokaa au majivu mara moja, kila mtoto aijue yake. Kupanga mistari kwa mdomo kunakula dakika nane za kipindi. Kwa alama ni dakika moja. Kila baada ya dakika saba au nane mistari minne ya mbele inahamia nyuma, ili pasiwe na "wa mbele" wa kudumu na "wa nyuma" wa kujificha.

Ndoo zitumie vizuri pia. Ya lita 20 ikipinduliwa ina sauti mbili: nzito katikati, kali ukingoni. Fimbo kavu huipasua plastiki ndani ya wiki chache. Zungushia ncha yake vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, sauti itakuwa nzito zaidi na ndoo itadumu. Siku mkipata ngoma ya ngozi, mkumbuke kwamba masika huilegeza. Huwa inaanikwa juani au kusogezwa jirani na moto hadi ngozi ikaze, na mtu mzima ndiye afanye hivyo.

Dakika 40 zako nazigawa hivi, na usione aibu kuzibadilisha. Tano za kutoka darasani, kukagua uwanja na kufika kwenye alama. Tano za kupasha mwili kwa kutembea na kupiga mguu kwenye mdundo, kifundo, goti, bega, bila kukaa chini kunyoosha misuli, hilo ni la mwishoni. Kumi za mchezo mmoja mpya wa hesabu nane, usizidi mmoja. Kumi nyingine za kuupeleka mchezo huo mbele, nyuma, kwenye duara, safu kupishana na safu. Tano za makundi ya watoto saba saba kutunga hesabu nane zao wenyewe. Tano za mwisho mapigo yashuke, wanyooshe, wanywe maji. Katika hizo ishirini na tano za katikati miguu yote 168 iwe inafanya kazi kwa wakati mmoja. Utaratibu wa "kundi moja linacheza, wengine wanatazama" ndio unaokutengenezea watazamaji, na wavulana wako wamekaa pembeni kwa sababu pembeni ipo.

Hapo ndipo jibu la mwalimu mkuu lilipo. Ngoma ni mazoezi? Inategemea imefundishwaje, kama ilivyo kwa mpira. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kazi ya mwili ya wastani hadi nzito, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na kazi nzito pamoja na zile za kuimarisha misuli na mifupa. Kuruka na kupiga mguu chini kunaingia kwenye hilo la mifupa moja kwa moja. Sasa hesabu mpira wa miguu wa darasa lako: 22 wanacheza, na kati yao wanane hivi wanaugusa, 62 wanasubiri. Mbio za zamu ni vilevile, sekunde kumi na tano za kukimbia na dakika sita za foleni. Ngoma iliyopangwa kwa alama inawafanya wote 84 watoke jasho bila kununua hata mpira mmoja.

Lakini usiuze zaidi ya ulichonacho. Ngoma haimfundishi mtoto kudaka wala kurusha, haimpi kasi ya kukimbia moja kwa moja, na ngoma ya kutembeatembea huku mkono ukipunga haina uzito wowote wa mazoezi. Sishauri kipindi cha michezo kiwe ngoma mwaka mzima. Wiki tano au sita za ngoma ndani ya muhula, kisha mpira, kisha riadha, ni mgawanyo unaoeleweka, na mwalimu mkuu ataukubali kwa urahisi zaidi.

Kupima kama kazi inatosha hakuhitaji kifaa. Wimbo wenyewe ni kipimo. Kama kiitikio kinatoka laini kama vile wamekaa darasani, mzigo ni mdogo: nyanyua magoti au ongeza mapigo. Kama kinatoka kwa vipande, pumzi ikikatiza maneno, uko mahali sahihi. Kama hakitoki kabisa, punguza. Ukitaka namba, chagua watoto sita, wahesabu mapigo ya moyo mara tu wanaposimama: vidole viwili ubavuni mwa koo, upande mmoja tu na bila kukandamiza, kwa sekunde 10, kisha zidisha kwa sita. Ukipata 23 au 24, sawa na takriban 140 kwa dakika, mtoto alikuwa anafanya kazi kweli. Na kila dakika moja tupia jicho safu moja uandike wangapi kati ya 12 wako kwenye mwendo. Wataalamu wengi wa somo hili hutaka angalau nusu ya kipindi mwanafunzi awe anatumika. Mpelekee mwalimu mkuu karatasi yenye namba hizo za kipindi cha ngoma na za kipindi cha mpira, zikiwa bega kwa bega. Somo lenyewe kwenye mtaala linaitwa Sanaa na Michezo, na kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, sanaa hukaa pamoja na riadha na mpira, kwa hiyo huombi upendeleo wowote. Mgeni rasmi naye atapata burudani yake kutoka kwenye darasa hilohilo. Mwalimu Nyerere alipotangaza wizara ya utamaduni mwaka 1962 alisema wengi wetu tumejifunza rumba na twisti, kisha akauliza ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata waliowahi kusikia, gombe sugu, konge au lele mama. Swali hilo bado linauma kidogo.

Wavulana sasa. Dhana kwamba ngoma ni ya wasichana haina mizizi hapa kwetu. Mganda wa kandokando ya Ziwa Nyasa ulichezwa na wanaume waliojipanga mistari, umebeba mpangilio wa gwaride na bendi za askari wa enzi za ukoloni. Morani wa Kimasai wakiruka hakuna anayewauliza. Bugobogobo ya Wasukuma ni majembe mkononi, imetoka shambani. Mvulana wa miaka kumi na mbili anayecheka pembeni mara nyingi anaogopa kitu kimoja tu, kuonekana anakosea mbele ya wengine, na sauti yake inapoanza kukatika na miguu kurefuka kabla ya mwili mwingine, hofu hiyo ina sababu. Mlete kupitia mistari, usimlete kupitia jozi wala katikati ya duara. Mpe mchezo wenye kazi ndani yake: kulima, kuvuta kamba, kuruka. Mpe ndoo, lakini kwa zamu ya dakika tano tu, maana wavulana wakikabidhiwa ndoo wanazimiliki na hawachezi tena. Mkitumia fimbo mahali pa majembe, zisizidi sentimita 80, na nafasi kati ya mtoto na mtoto iongezeke hadi mita tatu. Majembe yenye makali hapana.

Yule mzazi msikilize kwa makini, kwa sababu ana hoja mbili na umezisikia kama moja. Ya kwanza ni mauno. Hapa una uhuru kamili wa kuchagua. Sindimba ya Wamakonde ilisambaa nchi nzima baada ya uhuru, na kiuno ndicho watu wengi wanachokumbuka wakisikia neno ngoma, lakini si kila ngoma inakaa kiunoni. Zipo za mguu, za bega, za kuruka. Na ngoma zenye asili ya jando na unyago zina nyimbo na vitendo vilivyokusudiwa watu fulani, mahali fulani. Kuzihamishia uwanja wa shule kunawakera hata wenyewe wenye ngoma. Anza na za kazi, mavuno na kupokea wageni. Ikitokea mchezo una kiuno kidogo, ujue kinatokea chini: magoti yakiwa yamelegea, uzito ukihama mguu hadi mguu, nyonga hucheza yenyewe. Mtoto aliyefunga magoti na kulazimisha kiuno anakunja mgongo wa chini, na kesho yake atalalamika unauma.

Hoja yake ya pili huenda ni muziki au kuchanganyika kwa wasichana na wavulana, na hiyo huwezi kuimaliza kwa maelezo. Mwalike aje akae kivulini atazame kipindi kizima. Wengi hutulia wakiona mistari na hesabu. Akibaki na msimamo wake, usimlazimishe mtoto na wala usimwadhibu kwa kumkalisha. Mpe kazi ya uzito uleule, kuruka kamba kwa mapigo yaleyale kwa dakika zilezile, umpime kwa vigezo vilevile vya mapigo na hatua. Usijaribu kumdanganya mzazi kwamba "hii siyo ngoma, ni viungo". Mtoto atamwambia ukweli jioni hiyohiyo. Ramadhani ikiingia, watoto waliofunga wafanye nusu ya mzigo, kivulini, mapema asubuhi.

Ukishavuka wiki ya tatu utagonga ukuta mmoja, na afadhali ujue mapema. Ngoma zetu nyingi zina mapigo mawili na matatu yanayokwenda pamoja, miguu ikihesabu moja na makofi ikihesabu nyingine. Mtoto aliyezoea hesabu nane atasikia "wamekosea". Wafundishe kwa hesabu ya sita, polepole. Miguu inakanyaga kwenye moja na nne. Wakitulia, simamisha miguu, makofi peke yake kwenye moja, tatu na tano. Kisha nusu ya darasa miguu, nusu makofi, wabadilishane. Mwisho mtu mmoja vyote viwili: moja ni mguu na kofi pamoja, tatu kofi, nne mguu, tano kofi. Atakayekwama atakwama kwenye nne, mkono ukitaka kuufuata mguu. Mwambie aache hesabu aimbe silabi, "PA, ta-ka-ta", ya kwanza nzito, inayokaa moja, tatu, nne, tano, na mara nyingi mwili unakubali kabla ya kichwa. Usilipeleke jambo hili zaidi ya dakika sita kwa kipindi. Linachosha akili kuliko mwili.

Alama za tathmini zisikutishe. Chagua safu moja kwa kipindi, watoto 12, uwatazame mambo matatu: anakaa kwenye mapigo, anabeba uzito mguu sahihi, anatunza nafasi yake na wenzake. Moja hadi tatu kwa kila jambo. Vipindi saba umemaliza darasa. Uzuri wa kucheza usiupe alama, hapo utakuwa unawalipa wale kumi kwa walichojifunza harusini.

Usalama. Kagua uwanja kila mara: mawe, misumari, vipande vya chupa, mbigili. Nyunyizia maji vumbi, ni adui wa mtoto mwenye pumu. Ama wote pekupeku ama wote raba. Ukichanganya, pekupeku ndiye atakayekanyagwa. Kuruka watue kwa mbele ya mguu kisha kisigino, magoti yakikunjika, na usiruhusu zaidi ya dakika mbili mfululizo za kuruka kwenye sakafu ya saruji. Khanga ifungwe fundo, pini hapana. Wasichana wavae bukta au suruali ndani ya sketi, na anayeomba kupumzika siku fulani asiulizwe mbele ya watu. Mtoto kiziwi msogeze karibu na ndoo, aweke mkono juu yake aupate mtetemo, kisha acheze nyuma ya kiongozi mzuri. Wa kiti cha magurudumu ana mabega, mikono na mzunguko wa kiti, mpe mita tatu.

Kabla ya wiki ya kwanza uliza wazazi kwa maandishi ni nani ana pumu, selimundu, moyo au kifafa. Mwenye selimundu anaweza kucheza, lakini kwa vipindi vifupi, maji ya kutosha, bila kushindanishwa na bila kuachwa na jasho kwenye upepo wa baridi. Akisema mifupa inauma, amesimama hapohapo na mzazi anapigiwa simu. Mtoto akizimia katikati ya mazoezi, usikubali jibu la "hakunywa chai". Apelekwe kituo cha afya aonwe na daktari, na asirudi uwanjani hadi aruhusiwe. Maumivu ya kifua au kupumua kwa mluzi kusikotulia ni vivyo hivyo. Kifundo kikiteguka na mtoto hawezi kukanyaga hata hatua nne, usimkande wala kumvuta. Kifungwe kisitikisike, apelekwe. Na wale wa miaka kumi hadi kumi na tano wanaolalamika chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, au kwenye kisigino kwa wiki mbili mfululizo, mara nyingi ni sehemu za mifupa inayokua zinazovutwa na misuli. Wapumzishe kuruka, na isipopungua waonwe.

Kwamba wewe si mchezaji, mpaka hapa haijakuzuia kitu. Itakuzuia siku utakapotaka kufundisha ngoma yenyewe ya kabila fulani, na hapo usitegemee video. Video inaonesha mbele tu, inakatwa katikati ya mchezo, na miguu mara nyingi haionekani. Nenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, anajua vikundi na wazee wanaocheza kwenye kata. Kama jirani yenu kuna mhitimu wa TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoko Bagamoyo, asubuhi moja naye ina faida kubwa. Bibi na babu za wanafunzi wako ni hazina nyingine, ila mwalimu wa darasa awepo uwanjani muda wote mgeni anapofundisha, na nauli yake ipangwe mapema. Mgeni mwombe vitu vinne kwa mpangilio huu: mdundo peke yake, akiupiga polepole na wewe ukiurekodi; miguu bila mikono, akikupa mgongo; wimbo na maana ya maneno yake, kila neno; na ngoma hiyo ilichezwa lini na nani. Akisita kwenye la tatu au la nne, chagua ngoma nyingine.